Mbegu ya Sikio na Mkono wa Bi Mkubwa

Siku Kinanda alipoigundua biashara ya masikio, alikuwa amekaa kwenye benchi la kinyozi akisubiri zamu yake, mfukoni hana kitu, kichwani akipanga ni hadithi gani itakayomtosha kinyozi badala ya malipo. Kwenye kiti alikuwa amekaa mpagazi wa saruji, jitu la miraba minne, na kiti chenyewe kilikuwa kikilalamika. Kinyozi alilikunja sikio la mpagazi kwa vidole viwili ili wembe upate njia ya kupita nyuma yake. Papo hapo mguu wa mpagazi ukaruka wenyewe, ukaipiga meza ndogo, kopo la poda likapaa, na kila aliyekuwemo humo ndani akawa mweupe mpaka kwenye kope.

"Mniwie radhi," mpagazi akasema. "Nikiguswa hapo, mguu huwa haunisikilizi."

"Kila mtu ana waya wake," kinyozi akajibu huku akipangusa kioo.

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kinanda peke yake hakucheka. Wenzake waliona mguu. Yeye aliona duka.

Tumjue kwanza bwana huyu. Mama yake alimpa jina zuri tu siku alipozaliwa, lakini mjini walimwita Kinanda kwa kuwa ukimgusa kidogo anatoa sauti, na akishaanza hakuna ajuaye pa kumzimia. Alikuwa na suti moja ya kijivu, viatu vya ngozi vilivyong'aa kuliko maisha yake, na mkoba mkubwa ambao ndani yake mlikuwa na mkoba mdogo, na ndani ya huo mdogo hamkuwa na kitu. Alikwisha kuuza dawa ya kuzuia simu isiibiwe. Mteja wa kwanza aliibiwa simu na chupa ya dawa kwa pamoja. Alikwisha kuuza viti vya mbele katika mkutano ambao haukuwapo. Hata hivyo tusimsingizie: hakuwahi kuvunja mlango wa mtu wala kuchomoa pochi ya mtu. Yeye aliomba kwa adabu, na watu wakampa kwa mikono yao wenyewe. Sheria ina jina lake kwa jambo hilo, lakini Kinanda aliliita kipaji.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Aliishi na mama yake katika vyumba viwili nyuma ya karakana ya mchomelea vyuma. Bi Mkubwa, kama alivyomwita kwa mapenzi na kwa woga, alikuwa amepata kiharusi, na kilipoondoka kilimwachia kila kitu isipokuwa mkono wa kushoto. Na Bi Mkubwa alikuwa mtu wa kushoto. Kwa mkono huo alishona nguo za nusu ya mtaa, na kwa mkono huohuo alilivuta sikio la Kinanda tangu akiwa darasa la kwanza, hata sikio lake la kulia likawa limetangulia mbele kidogo kuliko la kushoto. Sasa mkono ulikuwa umelala mapajani, na cherehani ilikuwa imefunikwa shuka.

Muuguzi wa zahanati alisema wazi: mkono unyanyuliwe kila siku, mtu mwingine aushike, amhimize, awe naye, la sivyo utasahau kazi yake moja kwa moja.

"Kesho tutaanza, Bi Mkubwa," Kinanda alisema kila alipokuwa akitoka.

"Kesho yako ina miguu mirefu," mama alijibu. "Kila nikiifuata, imeshatangulia."

Maneno hayo yalimuuma. Kinanda aliweza kumtazama polisi usoni bila kupepesa, lakini mkono ule hakuuweza. Kwa hiyo alitoka mapema, akarudi akiwa amechoka, na mkono ukaendelea kulala.

Haya, turudi kwenye masikio. Mahali fulani Kinanda alipata picha ya sikio lililojaa vidoti: kidoti cha goti, cha bega, cha kiuno, kana kwamba kuna mtu mzima mdogo amejikunja humo, kichwa chini miguu juu. Wapo watu, na wengine ni wasomi wa haja, wanaolichunguza jambo hilo kwa dhati: kwamba ukibonyeza sikio, huenda msuli ulio mbali nalo ukabadilisha mwendo wake kidogo. Kinanda hakuwa na ugomvi nao. Aliikuza ile picha, akaibandika kwenye ubao, na kwa kuwa vidoti alivyovikuta vilikuwa vichache kwa biashara, akaongeza vyake mwenyewe kwa kalamu nyekundu. Kisha akanunua mbegu za figili kwenye duka la wakulima na plasta kwenye duka la dawa. Mtaji ukawa umetimia.

Alisimama sokoni kati ya fundi saa na muuza ndoo, akasafisha koo.

"Mabibi na mabwana! Mnadhani masikio mlipewa ya kutundikia miwani? Taa iko darini, lakini swichi yake iko wapi? Ukutani! Basi mkono uko huku, mguu uko kule, na swichi zake zote ziko hapa!" Akajivuta sikio. "Wewe baba, mwenye bucha, njoo. Nyoosha mkono pembeni. Zuia nisiushushe."

Mwenye bucha alikuwa na mkono wa kupasulia mifupa. Akaunyoosha kwa dharau. Kinanda akaweka vidole viwili juu ya kifundo, akasukuma, na mkono ukashuka.

"Nilikuwa sijajiandaa," mwenye bucha akasema, maana wateja wake walikuwa wakitazama.

"Hapana, baba. Swichi imezimwa." Kinanda akachukua mbegu, akaibandika sikioni kwa plasta, akabonyeza huku amefumba macho na kunung'unika kidogo, kwa maana kazi bila kunung'unika haiuziki. "Sasa zuia."

Akasukuma tena. Safari hii alikaza shingo, akauma meno, akatoka jasho la kweli. Mkono haukutikisika. Umati ukapiga kelele, na mwenye bucha akautazama mkono wake kama mgeni aliyekuja na zawadi.

Siri yenyewe ilikuwa ndogo. Mara ya kwanza Kinanda alisukuma kwenye kifundo. Mara ya pili alisukuma juu ya kiwiko, karibu na bega. Yeyote aliyewahi kusukuma mlango upande wa bawaba anaijua habari hiyo. Lakini nani atatazama vidole, na macho yote yako kwenye sikio?

"Mwanangu," akauliza mama mmoja mwenye kikapu, "na mdomo je? Hakuna pa kubonyeza mdomo ukafunga? Nina mume nyumbani."

"Kidoti hicho kipo, mama yangu," Kinanda akajibu bila kusita, "ila bado hakijapatikana. Wataalamu wanakitafuta hawalali."

"Wakikipata uwe wa kwanza kubonyezwa wewe," fundi saa akasema, na watu wakacheka, na huku wakicheka wakanunua.

Walinunua kweli. Kabla mwezi haujaisha, ungepita sokoni ukadhani ni mji wa watu waliojikata masikio kwa kunyoa. Wapagazi walibandika kidoti cha kiuno, wahudumu wa hoteli kidoti cha nyayo, na mkwe mmoja alibandika mbegu pande zote mbili ili apate nguvu ya kumvumilia baba mkwe wake. Wengine walirudi kumshukuru, wakasema mgongo umekuwa mwepesi. Kinanda alishangaa, lakini hakuwarudishia fedha kwa kosa hilo. Mkoba mdogo ulianza kunenepa.

Hapo ndipo alipotokea Mama Bangili.

Alikuja mchana wa jua kali, bangili zimemjaa kutoka kifundo mpaka karibu na kiwiko, kila akinyanyua mkono zinatangaza. Alisimama nyuma ya watu muda mrefu, na yeye peke yake alitazama vidole vya Kinanda badala ya sikio. Kinanda hakuliona hilo, kwa sababu alikuwa akitazama bangili.

"Mwanangu," akamwambia watu walipopungua, "mimi ndiye mwenye duka la magodoro pale kwenye kona. Utauza mbegu moja moja kama njugu mpaka lini? Niuzie ujuzi wote. Niuzie ubao, ramani, na jina."

Moyo wa Kinanda ukapiga ngoma, lakini uso ukabaki na huzuni. "Ujuzi huu ni wa ukoo, mama. Hauuzwi." Akajifanya anafunga mkoba. "Labda kwa mtu mwenye roho safi."

"Yangu nimeifua jana."

"Basi tunaweza kuzungumza."

"Ila nina kaka yangu," Mama Bangili akasema, na sauti ikamshuka. "Mkono wake umelala. Unyanyue ule mkono mbele ya macho yangu, halafu taja bei, nami sitapunguza hata senti. Usipoinuka, kila mtu ashike njia yake."

Mkono umelala. Kinanda alihisi kitu kikimchoma kifuani, akakisukuma kando. Alishaandaa sababu za kushindwa, na zote zilikuwa nzuri. Kilichobaki ni kuomba malipo ya awali kwa ajili ya matibabu ya muda mrefu, kisha ahame mji na Bi Mkubwa wake.

Walipoingia dukani, kijana aliyekuwa akipanga magodoro mbele aliinama na kusema, "Karibu, mama," naye Mama Bangili akampungia mkono, "Endelea na kazi, mwanangu," wakapita mpaka chumba cha nyuma. Hapo kaka mtu alikuwa ameketi juu ya magodoro yaliyokuwa bado kwenye nailoni zake. Alikuwa mtu mzima mwenye mashavu mazito na uso wa mtu aliyekata tamaa zamani. Mkono wake wa kushoto ulining'inia. Mama Bangili akachomoa sindano ndefu ya kushonea magodoro, akamdunga nayo begani. Kaka mtu aliendelea kutazama dari.

"Umeona?" Mama Bangili akasema huku akifuta machozi kwa mtandio. "Hasikii kitu."

Kinanda akasogea. Akabandika mbegu yake, akabonyeza, akanung'unika. Mkono haukusogea. Akajaribu kidoti cha pili. Haukusogea.

"Mama," akaanza, kwa ile sauti yake ya msibani, "wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Na hili la kaka naliona limeanza kuaga. Tukipata malipo kidogo ya awali..."

"Ngoja." Mama Bangili akachomoa kikopo kidogo kutoka kwenye mkoba wake. "Jaribu hizi. Alituachia mzee mmoja aliyekuwa mpangaji wetu. Alisema zibandikwe mahali pake, lakini mahali pake ni wapi hakusema, akafa. Tumezibandika mpaka kwenye kisigino. Wewe ndiye unayevijua vidoti."

Kinanda akaichukua mbegu moja kwa kumridhisha. Akaibandika kwenye kidoti cha bega, ambacho, tuseme ukweli, alikichora mwenyewe kwa kalamu nyekundu. Akabonyeza.

Kidole kidogo cha kaka mtu kikatikisika.

Kinanda akaacha kunung'unika. Akabonyeza tena, polepole. Vidole vikakunjuka, kifundo kikainuka, kiwiko kikafuata, na mkono mzima ukapanda juu ukitetemeka mpaka ukagusa balbu ya taa. Kaka mtu akautazama, akaangua kilio cha kwikwi. Mama Bangili akapiga vigelegele, akaanguka chali juu ya magodoro, na bangili zikatangaza nyumba nzima.

Kinanda alisimama pale. Maisha yake yote alikuwa akiwaonyesha watu miujiza, na hakuwahi hata mara moja kuwa miongoni mwa watazamaji. Hakufikiria mkoba, wala ubao, wala bei. Alimfikiria mama yake ameketi nyuma ya karakana, na cherehani imefunikwa shuka.

Lakini mazoea yana taabu. Hata machozi yalipokuwa yakimlenga, ulimi ulikuwa umeshaanza kazi.

"Mbegu zenyewe ni za kawaida tu," akasema huku akikitikisa kikopo kwa kudharau. "Kazi imefanywa na kidole changu. Hata hivyo, ili zisiwadhuru watoto wa watu, naweza kuwasaidia kuzitupa."

"Utakuwa umetusaidia," Mama Bangili akasema akiinuka. "Chukua tu."

"Usimpe!" kaka mtu akadakia. "Dada, una wazimu? Alianza na mbegu yake, mkono ukalala. Akaja na yetu, umeinuka. Dawa ni yetu!"

Mama Bangili akakinyakua kikopo. "Lo! Kumbe!" Akamtazama Kinanda kwa macho mapya. "Ulitaka kuniingiza mjini, mwanangu?"

Kinanda akaona jasho likimtoka kwenye kwapa za suti. Yeye aliyekuja kuuza sasa alikuwa akinunua, na mnunuzi mwenye haraka hana ulimi. Alijaribu maneno matamu, hayakupenya. Alijaribu kuaga na kwenda zake polepole, hakuna aliyemwita, akarudi mwenyewe. Mwishowe akasema ukweli, jambo ambalo hakulizoea na lilitoka vibaya: kwamba ana mama, kwamba mama ana mkono, kwamba ni wa kushoto. Mama Bangili akasikiliza mpaka mwisho, na kwa kitambo kidogo uso wake ukawa kama wa mtu anayetaka kubadili mawazo. Lakini kaka mtu akakohoa, na uso ukarudi mahali pake.

"Mama ni mama," akasema. "Sitakunyima. Una nini?"

Alikuwa na mkoba mdogo, akautoa. Alikuwa na mkoba mkubwa, akautoa. Akavua saa.

"Na viatu," kaka mtu akasema. "Vinanitosha vile."

Kinanda akatoka mle chumbani na soksi, kikopo amekishika kwa mikono miwili, akipita kati ya magodoro mbio mbio wasije wakajuta. Barabarani lami ilikuwa ya moto, naye akaruka ruka juu yake akicheka peke yake. Maskini watu wale, aliwaza, wameuza dhahabu kwa jozi ya viatu. Karibu awaonee huruma.

"Viatu viko wapi?" Bi Mkubwa akauliza alipomwona mlangoni.

"Nimeleta dawa, Bi Mkubwa! Nimeona kwa macho yangu! Si maneno safari hii!"

Mama akamtazama mwanawe, soksi zimetoboka, uso umelowa, akaona kitu usoni mle ambacho hakukiona tangu mtoto akiwa mdogo. Hakuuliza tena. Akageuza kichwa, akatoa sikio.

Kinanda akabandika, akabonyeza. Mkono haukusogea. Akaushika kifundo, akaunyanyua mwenyewe taratibu, "Hivi, Bi Mkubwa, jaribu hivi," akauachia, ukaanguka. Akabandika nyingine. Walikaa hivyo mpaka mchomelea vyuma akafunga karakana yake, na mkono haukufanya lolote zaidi ya kuanguka.

Asubuhi akavaa kandambili za mama yake na kwenda dukani. Labda, aliwaza, kuna mbegu za mikono ya wanaume na za wanawake, naye alichanganyiwa.

Hakufika hata kwenye kaunta. Yule kijana wa magodoro alimkamata kola ya suti.

"Ndiye huyu! Mganga wao! Godoro langu liko wapi?"

"Godoro gani? Mwite bosi wako, Mama Bangili."

"Bosi wangu nani? Duka ni langu! Yule mama alikuja akasema ananunua magodoro ya hoteli nzima, ila ana mgonjwa, anaomba apumzike nyuma ayajaribu. Nikasema karibu, mama. Baada ya wewe kutoka, nikageuka kumhudumia mteja, nikigeuka tena naona mgonjwa anavuka barabara na godoro langu kichwani!"

"Mgonjwa? Alilibebaje?"

"Kwa mkono! Ule wa kushoto! Na viatu vinang'aa!"

Kinanda akafungua kikopo, akamimina mbegu kiganjani. Chini kabisa palikuwa na kipande cha karatasi kilichokunjwa ili kujaza nafasi. Kilikuwa na picha ya figili na muhuri wa duka la wakulima, lile lile anakonunua yeye. Alikuwa ameuziwa bidhaa yake mwenyewe, na tena alikuwa amelipa kwa viatu. Akaikumbuka ile sindano begani, na pamoja na uchungu wote aliokuwa nao, akamvulia kofia yule bwana moyoni. Kisha akaacha kola ya suti mkononi mwa muuza magodoro na kutimua mbio, kandambili moja ikibaki nyuma.

Hapo ndipo ilipomjia adhabu yenyewe. Alipofika nyumbani amekata tamaa, amedhamiria kusema kila kitu, alimkuta Bi Mkubwa ameketi wima kitandani, amechana nywele, amejiweka tayari.

"Umechelewa," mama akasema. "Bonyeza."

Kinanda alifungua mdomo. Maneno ambayo siku zote yalimjia kama maji ya bomba yalikauka. Angewezaje kumwambia? Akakaa kwenye kigoda, akabonyeza mbegu ya figili, akaunyanyua mkono.

Akaendelea hivyo kesho yake, na siku zilizofuata. Kutoka hakuweza: hakuwa na viatu, na muuza magodoro alikuwa akimsaka mji mzima. Basi akakaa nyumbani akiutunza uongo wake, na uongo ule ulikuwa na kazi nyingi. Bi Mkubwa hakuwa mgonjwa wa kubembeleza. "Bonyeza! Nyanyua! Usiuachie upesi, huo si mzigo wa saruji!" Alimfanya aushike mkono wake wautandaze unga pamoja, waikunje shuka pamoja, walizungushe gurudumu la cherehani pamoja. Katikati ya kazi alimsimulia habari za marehemu baba yake, ambaye naye, kumbe, aliwahi kuuza kalamu zisizo na wino. Kinanda alicheka mpaka akasahau kwamba anajificha. Usiku alilala macho wazi, akijiona mwovu kuliko alivyowahi kujiona, kwa maana kati ya wote aliowadanganya hakuna aliyemtolea sikio kwa imani namna ile.

Muuza magodoro alimpata alasiri moja. Alielekezwa na kinyozi, ambaye hakuwa amesahau kwamba alimnyoa bure. Akasimama mlangoni akihema, kandambili mkononi.

"Shikamoo, mama. Hii ni yako?"

"Marahaba. Ni yangu. Ulikuwa nayo wewe?"

"Aliiacha mwanao akinikimbia!" Na hapo akamwaga yote, amesimama wima, bila kituo: masikio, ubao, mbegu za figili, wapagazi waliobandikwa, Mama Bangili, mgonjwa aliyeondoka na godoro. Kinanda alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya mama yake, kichwa chini, akisubiri dari imwangukie.

"Figili," Bi Mkubwa akasema taratibu. "Unawabandika watu figili? Wapagazi, wanaovunjika migongo kutwa, unachukua jasho lao kwa figili? Na suti umevaa?"

Na akamshika sikio.

Alilishika barabara, pale pale pa zamani, akalikamua na kulinyanyua. Kinanda akapanda nalo: kwanza shingo, kisha mgongo, kisha magoti yakanyooka, mpaka akasimama kwa ncha za vidole vya miguu, uso umegeukia dari, hakuna msuli mwilini mwake uliobaki nyuma. Sikio la kulia.

"Bi Mkubwa!" akapiga kelele. "Mkono!"

"Najua ni mkono! Nitautumia mpaka ukome!"

"Ni wa kushoto!"

Bi Mkubwa akageuza macho taratibu, akaufuata mkono kutoka begani mpaka kiwiko, mpaka kifundo, mpaka kwenye vidole vilivyoshika sikio la mwanawe. Lakini hakuachia.

"Imefanya kazi!" Kinanda akasema, machozi yakimtiririka, mengine ya furaha, mengine ya sikio. "Bi Mkubwa, mbegu imefanya kazi!"

"Mbegu ipi? Ilidondoka zamani nikioga. Umekuwa ukibonyeza plasta tupu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia," mama akasema, "ungekaa?"

Nje mchomelea vyuma alizima mashine yake, na mle ndani watu wawili wakawa wanavuta kamasi. Muuza magodoro alikuwa bado amesimama mlangoni, ameduwaa, akiutazama mkono ule ulionyanyuka bila kushikwa na mtu. Akautazama mkono, akakitazama kikopo kilichokuwa juu ya cherehani, akautazama tena mkono. Akapiga hatua moja ndani. Akalamba midomo.

"Kaka," akasema kwa sauti ya chini, ya adabu kabisa, "mambo ya godoro tutayazungumza. Hizo mbegu... unauzaje?"

Kinanda aliusikia moyo wake ukipiga ile ngoma ya zamani. Ulimi ukasogea mahali pake wenyewe. Akavuta pumzi, akafungua mdomo.

Bi Mkubwa akalikaza sikio.

Mdomo ukafunga.